Dengu, Jembe na Kwekwe

1. Nchi nyeusi chini ya Sekenke

Msafiri atokaye Singida kwenda Nzega na Mwanza hupita Misigiri, katika wilaya ya Iramba, mahali ambapo njia ya Kiomboi huachana na barabara kuu. Hapo nchi ni ya mwinuko, na udongo wake mwingi ni wa kichanga, unaofaa mtama, uwele, mahindi na alizeti. Lakini akiendelea na safari yake, barabara humteremsha katika mlima wa Sekenke kwa mizunguko mingi, na chini yake, kupita Shelui, huiona nchi ya namna nyingine kabisa. Hilo ni bonde la Wembere, tambarare pana ambayo maji yake huelekea kaskazini mpaka ziwa la Kitangiri. Udongo wake ni mweusi na mzito, na watu wengi huuita udongo wa mbuga. Udongo kama huo hupatikana pia katika mabonde madogo ya Iramba, na katika nchi za Igunga, Nzega, Shinyanga na Mwanza.

Katika udongo huo hulimwa zao ambalo huwashangaza wageni. Wakati wa mwezi wa Juni na Julai, mvua zikiwa zimekwisha tangu zamani, na majani yote yakiwa yamekauka, mashamba ya dengu huonekana bado ni ya kijani. Hakuna mtu anayeyanywesha, wala hakuna wingu mbinguni. Dengu huishi kwa maji gani? Mwenye kulijua jibu la swali hili ataelewa pia jinsi ya kulilima shamba la dengu na jinsi ya kulipalilia, maana mambo hayo matatu ni jambo moja.

2. Dengu ni mmea gani

Yafaa kwanza dengu zitambuliwe, kwa kuwa majina ya jamii ya kunde huchanganywa mara nyingi. Choroko ni punje ndogo za kijani. Adesi ni bapa kama kifungo kidogo. Dengu ni kubwa kuliko hizo, nazo zina mikunjo na ncha iliyopinda kama mdomo wa ndege. Watu wa kale wa Ulaya waliona kwamba punje hiyo yafanana na kichwa cha kondoo dume, na hata leo jina la dengu katika vitabu vya wataalamu lina neno la Kilatini lenye maana hiyo.

Mmea huu ni wa zamani sana. Ulianza kulimwa yapata miaka 10,000 iliyopita katika nchi ambazo leo ni kusini-mashariki ya Uturuki na kaskazini ya Syria. Baadaye ulienea mpaka India, ambako sasa hulimwa zaidi ya nusu ya dengu zote za dunia. Katika Tanzania watu hula dengu kwa wali au ugali, na nyingine husagwa kuwa unga wa bajia, lakini sehemu kubwa ya mavuno huuzwa nje, hasa India. Kwa hiyo gunia la dengu ni chakula, tena ni fedha: laweza kulipa gharama za shule, dawa za mgonjwa, au bati za nyumba. Shamba likiharibika, mambo hayo huharibika pamoja nalo.

Mmea wenyewe ni mfupi. Kwa kawaida haupiti magoti ya mtu mzima, na majani yake ni madogo madogo. Chini ya ardhi, lakini, una mzizi mkuu unaoshuka moja kwa moja, na katika udongo mzuri waweza kupita kina cha mita moja. Katika mizizi yake mna vinundu, na ndani ya vinundu mnakaa bakteria ambao huitwaa naitrojeni ya hewani na kuifanya kuwa chakula cha mmea. Bakteria hao huhitaji hewa. Udongo ukijaa maji, au ukishindiliwa mpaka hewa isipenye, kazi yao husimama na majani ya dengu hugeuka kuwa ya manjano.

3. Akiba ya maji

Mkoa wa Singida hupata mvua ya milimita 500 hadi 800 hivi kwa mwaka, nayo hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Mazao mengi hupandwa mvua zinapoanza. Dengu hupandwa mvua zinapokwisha, yaani mwezi wa Machi na Aprili, na huvunwa Julai au Agosti. Zikipandwa mapema mno, maji yanayotuama katika mbuga huozesha mizizi. Zikipandwa kwa kuchelewa, udongo wa juu huwa umekauka na mbegu hazioti.

Basi tangu kuota mpaka kuvunwa, dengu hutegemea maji yaliyobaki ardhini. Udongo mweusi wenye kina kirefu waweza kuhifadhi maji ya milimita 150 au zaidi ambayo mizizi yaweza kuyafikia. Neno milimita huonekana dogo, lakini hesabu yake si ndogo. Maji yenye kina cha milimita moja yakitandazwa juu ya ekari moja ni lita 4,000 hivi, yaani debe 200 za lita 20. Kwa hiyo milimita 150 ni debe 30,000 katika kila ekari. Hiyo ndiyo akiba ya mkulima, naye hupewa mara moja tu. Hakuna mvua nyingine itakayokuja kuiongeza kabla ya mavuno.

Akiba hiyo hutoka kwa milango mitatu. Mlango wa kwanza ni dengu zenyewe, ambazo huyanywa maji na kuyageuza kuwa majani, maua na punje. Mlango wa pili ni jua na upepo, ambavyo huyakausha maji ya udongo kutoka juu na kupitia katika nyufa. Mlango wa tatu ni kwekwe, ambazo hunywa kama dengu zinywavyo, lakini hazimrudishii mkulima kitu. Kazi yote ya kulima na kupalilia ni kuufungua mlango wa kwanza na kuifunga ile miwili mingine.

4. Tabia ya udongo mweusi

Udongo wa mbuga una chembe ndogo mno za ufinyanzi, ambazo huvimba zinapokunywa maji na kusinyaa zinapokauka. Wakati wa masika hunata miguuni, na gari huzama. Wakati wa kiangazi hukauka kama tofali, na hupasuka nyufa ambazo mguu wa ndama waweza kuingia. Nyufa nyingine hushuka karibu mita moja.

Kupasuka huku kuna faida na hasara. Mvua za kwanza za mwaka huingia katika nyufa na kufika chini upesi, na udongo hujilima wenyewe kwa kuvimba na kusinyaa kila mwaka. Lakini nyufa zinapofunguka tena wakati dengu zingali shambani, hewa kavu hushuka ndani yake na kuyanyonya maji ya chini, maji yale yale ambayo mizizi ilikuwa inayafuata. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mashamba ya Wembere methali hiyo ina maana ya wazi kabisa: ufa usiozibwa shambani ni mlango wa kutokea maji.

Udongo huu pia una siku chache tu za kulimika. Ukilimwa ungali na maji mengi, plau huuteleza na kuufinyanga, kisha hukauka kuwa mabonge magumu, na chini ya plau hubaki tabaka gumu ambalo mizizi haipenyi kwa urahisi. Ukilimwa baada ya kukauka, ng'ombe huchoka na jembe halipenyi. Mkulima mwangalifu huupima kwa mkono. Huchukua konzi ya udongo kutoka kina cha kiganja na kuufinya. Ukivutika kama ulimbo na kuacha matope mkononi, bado. Ukishikamana kidogo, kisha ukavunjika uangukapo chini, siku yake imefika.

5. Kulima: mara ngapi na kwa kina gani

Hapo zamani watu wengi waliamini kwamba kadiri shamba linavyolimwa mara nyingi, ndivyo mimea inavyoshiba. Jethro Tull, mkulima mmoja wa Uingereza aliyetengeneza mashine ya kupandia mbegu katika mistari mwaka wa 1701, alifundisha kwamba mizizi hula chembe za udongo. Katika jambo la mistari alifanya vema, na mistari yake imewafaa wakulima hata leo. Katika jambo la chakula alikosea, maana mimea haili udongo. Hunywa maji pamoja na chumvi zilizoyeyuka ndani yake.

Kulima, basi, kuna kazi tatu za kweli: kuua kwekwe zilizopo, kuingiza hewa, na kuiweka mbegu mahali penye unyevu. Baada ya kazi hizo kutimia, kila safari zaidi ya plau ni hasara, kwa sababu kila mara udongo wenye unyevu unapogeuzwa juu, jua huunywa. Dengu hazidai udongo laini kama majivu. Hupenda shamba lenye madongoa ya kiasi, kwa kuwa hewa hupita kati yake na kuifikia mizizi.

Katika nchi za mbuga huonekana njia tatu.

Njia ya kwanza ni kumwaga mbegu juu ya shamba na kuzifukia kwa plau. Ni ya haraka, na ndiyo inayotumiwa na wengi, hasa wenye mashamba makubwa. Ubaya wake ni kwamba mbegu nyingine huangukia chini mno, na nyingine hubaki juu na kuliwa na ndege au kukosa unyevu. Mimea huota kwa nyakati mbalimbali, mahali pengine msongamano na mahali pengine uwazi. Tena hakuna mistari, na mpaliliaji hana mahali pa kupitisha jembe.

Njia ya pili ni kulima mapema, kisha kupanda kwa mistari. Shamba lililoachwa bila zao wakati wa mvua hulimwa kabla kwekwe hazijatoa mbegu. Likitulia, kwekwe nyingine huota, nazo huuawa kwa kulima tena juu juu tu siku ya kupanda. Mbegu huwekwa katika mfuo nyuma ya plau, kina cha sentimita 5 hadi 8, na zaidi kidogo ikiwa udongo wa juu umekauka. Nafasi ya sentimita 30 kati ya mistari, na 10 kati ya mmea na mmea, huipatia kila mita ya mraba mimea 33 hivi. Dengu zaweza kuvumilia kina hicho, kwa kuwa punje yenyewe hubaki chini ya ardhi na kuchipua kutoka huko. Hata ncha ya kwanza ikikatwa na mdudu, yaweza kuchipua nyingine.

Njia ya tatu ni kutolima kabisa. Mpunga au mahindi yakishavunwa, mabua huachwa yasimame au yalale, na mbegu hutiwa katika vishimo vilivyotobolewa kwa jembe dogo au kijiti kilichochongwa. Katika Tanzania ya kati watu wanaijua namna hii ya kupanda bila kulima, nao huiita kuberega. Faida yake ni kwamba udongo haukugeuzwa, na maji yake hayakupotea. Mabua hulifunika shamba na kulikinga na jua. Na siku nyingi za kulima huokolewa, hata mbegu ikaingia ardhini kabla unyevu haujashuka. Hasara yake ni kwamba kwekwe zote zilizokuwapo bado zipo. Mkulima aberegaye bila kuziondoa kwanza amewakaribisha wageni na wezi katika nyumba moja.

Hapo ndipo penye shida yote. Plau huua kwekwe lakini hupoteza maji. Kutolima hulinda maji lakini huacha kwekwe, ambazo nazo hunywa maji. Hakuna njia iliyo njema peke yake. Aliyelima sana hana budi kupanda upesi kabla shamba halijakauka. Asiyelima hana budi kupalilia mapema na kwa bidii zaidi. Mwenye kuchagua kutolima, kisha asipalilie, amechagua hasara zote mbili.

6. Kwekwe na madhara yake

Kwekwe za mashamba haya zinajulikana na kila mtoto: ndago, mbigili, mchicha pori, kongwe, na namna nyingi za nyasi. Kila moja ina hila yake. Mchicha pori hutoa mbegu nyingi mno, ndogo kama mchanga, ambazo hukaa ardhini miaka mingi zikingoja nafasi. Plau ikizifukia nyingine, hufukua zile zilizofukiwa zamani, nazo huota. Kongwe, ikikatwa vipande na kuachwa penye unyevu, kila kipande huota mizizi. Ndago ina viazi vidogo chini ya ardhi, vilivyounganishwa kama shanga katika uzi. Jembe huukata uzi, na kila kiazi huanza maisha yake. Lakini ndago ina adui, naye ni jua. Viazi vyake vikifukuliwa na kulala juu ya udongo mkavu siku nyingi, hufa. Kwa sababu hiyo ndago hupigwa vizuri wakati wa ukavu kuliko wakati wa mvua.

Kiduha, kinachonyonya mizizi ya mtama na mahindi na kuwaletea watu wengi njaa, hakinyonyi dengu. Kwa hiyo kubadilisha mazao, mwaka huu mahindi na mwaka mwingine dengu, ni msaada kwa shamba.

Dengu ni dhaifu mbele ya kwekwe, na sababu yake ni umbo lake. Katika majuma ya kwanza hukua polepole, kwa kuwa nguvu zake nyingi huzipeleka katika mzizi. Majani yake madogo hayatoi kivuli cha kuzizuia kwekwe, na ufupi wake huziacha kwekwe zimpite na kumnyima jua. Wataalamu wa nchi mbalimbali waliopima mashamba ya dengu wameona kwamba majuma ya hatari zaidi ni kuanzia juma la tatu mpaka la nane hivi baada ya kuota. Shamba likiwa safi katika majuma hayo, kwekwe zitakazoota baadaye hazidhuru sana. Likiachwa katika majuma hayo, hasara yaweza kupita nusu ya mavuno, na palizi ya baadaye hairudishi kilichopotea.

Jambo linalowadanganya wakulima wengi ni kwamba hasara hii haionekani mara moja. Mwezi wa Mei maji ya juu yangali mengi, na dengu zilizo kati ya kwekwe huonekana za kijani kama za jirani. Lakini dengu hutoa maua na kujaza punje mwishoni, wakati ambapo maji yaliyobaki ni yale ya chini kabisa. Maji yaliyoibwa mwezi wa Mei hutafutwa mwezi wa Julai, na hayapo. Ndipo maganda huonekana mengi, na yakifinywa huwa matupu, au yana punje moja iliyosinyaa. Watu husema jua la mwaka huu lilikuwa kali. Pengine jua lilikuwa lile lile la kila mwaka, na aliyekunywa maji ni kwekwe.

Hesabu ya debe yaweza kulifafanua jambo hili. Ichukuliwe kwamba shamba lina akiba ya debe 30,000 katika ekari, na kwamba kwekwe hunywa sehemu moja tu katika tano. Hizo ni debe 6,000. Hakuna mtu ambaye angenyamaza kama jirani yake angekuja usiku na mikokoteni kuchota debe 6,000 katika kisima chake. Lakini kwekwe huchota mchana kweupe, na mwenye shamba hupita kando yake akienda sokoni.

7. Palizi

Palizi ya kwanza hufanywa yapata siku 30 baada ya kupanda, na ya pili, ikiwa kwekwe zimerudi, yapata siku ya 60. Shamba lililoberegwa huenda likahitaji ya kwanza mapema zaidi. Jembe lipite juu juu, sentimita chache tu, maana jembe la kina hukata mizizi ya pembeni na kufukua udongo wenye unyevu. Palizi ya namna hii hufanya kazi mbili kwa pigo moja: huua kwekwe, na huvunja ukoko wa juu na kuujaza katika nyufa. Udongo mkavu uliotifuliwa hulala juu ya shamba kama mkeka, na maji yaliyo chini hayapandi kwa urahisi kufika juani.

Kwekwe zilizong'olewa kabla ya kutoa mbegu zaweza kulazwa kati ya mistari zikakauke hapo. Zilizokwisha kutoa mbegu, na kongwe, zitolewe nje ya shamba. Karibu na shina la dengu ni afadhali kung'oa kwa mkono. Dengu zikianza kutoa maua, watu wasiingie ovyo shambani, kwa kuwa matawi huvunjika na maua huanguka.

Kazi hii si nyepesi. Majani na maganda ya dengu hutoa vitone vya asidi, vikali kama ndimu, ambavyo huwasha ngozi na kuuma penye mikwaruzo. Katika India watu waliukusanya umande huo kwa vitambaa na kuutumia kama siki. Mpaliliaji afanya vema kungoja umande ukauke, kwa ajili ya ngozi yake na pia kwa ajili ya mimea, maana magonjwa ya majani huenezwa kwa urahisi na mikono na nguo zilizolowa.

Tena, majuma ya palizi ya dengu ni majuma yale yale ya kuvuna mahindi, mtama na mpunga. Nyumba yenye mikono michache hulazimika kuchagua, na mara nyingi dengu huachwa. Si haki kusema kwamba watu hao wote ni wavivu. Lakini yafaa wajue wanachokichagua. Ekari mbili zilizopandwa kwa mistari na kupaliliwa huenda zikawapa zaidi kuliko ekari nne zilizomwagiwa mbegu na kuachwa, tena kwa mbegu chache na kwa ng'ombe kuchoka kidogo. Kupima shamba kwa mikono iliyopo, wala si kwa ardhi iliyopo, ni akili ya mkulima.

Siku hizi ziko dawa za kuua kwekwe, na wengine huzitumia kabla ya kupanda ili wasilime. Zaweza kusaidia, lakini zina hatari yake. Dawa iliyotengenezwa kuua mimea ya majani mapana katika mahindi au mpunga huua dengu pia, kwa kuwa nazo zina majani mapana. Hata matone yanayopeperushwa na upepo kutoka shamba la jirani, au mabaki ndani ya bomba lisilooshwa, yaweza kuzikunja na kuzikausha. Asiyeweza kuyasoma na kuyafuata maandishi ya chupa amwulize kwanza bwana shamba. Na watoto wasiziguse kamwe.

Wengine hutumaini mbegu mpya. Ni kweli kwamba chuo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kimeleta mbegu bora, na mwaka wa 2011 ziliidhinishwa aina za Ukiriguru 1, na Mwanza 1, 2 na 3. Lakini mbegu bora hunywa maji kama mbegu nyingine. Ikinyang'anywa maji na kwekwe, ubora wake hautaonekana.

8. Jaribio la shule

Maneno haya yote yaweza kupimwa na wanafunzi. Jaribio la kwanza ni la makopo mawili yaliyo sawa. Yote hujazwa udongo mweusi wa shamba moja, kwa uzito ulio sawa, na kumwagiwa maji yaliyo sawa. Katika kopo moja hupandwa mche wa mchicha pori. Jingine huachwa tupu. Makopo hupimwa katika mizani kila asubuhi kwa siku kumi, na uzito huandikwa. Makopo yote mawili yatapungua, kwa sababu ya jua. Tofauti kati yake ni maji yaliyonywewa na mche mmoja. Kisha ihesabiwe ni miche mingapi kama huo iliyomo katika hatua moja ya shamba lisilopaliliwa.

Jaribio la pili ni la shamba. Mwezi wa Machi au Aprili hupimwa vipande vinne vya mbuga, kila kimoja hatua tano kwa tano. Kipande cha kwanza kilimwe na kupaliliwa. Cha pili kilimwe, kisipaliliwe. Cha tatu kisilimwe, lakini kipaliliwe. Cha nne kisilimwe wala kupaliliwa. Mbegu ziwe za aina moja, idadi moja, na siku moja. Ikiwa nafasi ipo, vipande vyote virudiwe mara tatu mahali mbalimbali, ili isidhaniwe kwamba ushindi ulitokana na mahali penye rutuba. Mavuno yapimwe na kuandikwa ukutani mwa darasa.

Hapo ndipo wanafunzi watakapoona kama kipande cha tatu kimeshinda cha pili au kimeshindwa. Na jibu la shamba lao ndilo wapaswalo kulipeleka nyumbani. Mwaka wenye mvua nyingi za mwisho waweza kutoa jibu moja, na mwaka wa ukame jingine. Lakini katika miaka yote miwili sheria haibadiliki: maji yaliyomo ardhini yamekwisha kuhesabiwa, na mwenye shamba ndiye anayeamua yatanywewa na nani.

Maswali

1. Kwa nini dengu haipandwi mvua zinapoanza?
2. Taja milango mitatu ambayo maji ya shamba hutokea. Ni ipi ambayo mkulima aweza kuifunga, na kwa kazi gani?
3. Shamba la ekari tatu lina akiba ya maji ya milimita 120. Hizo ni debe ngapi?
4. Mkulima mmoja asema, "Dengu zangu ni za kijani mwezi wa Mei, basi sina haja ya kupalilia." Mjibu.
5. Eleza faida moja na hasara moja ya kuberega.
6. Kwa nini vipande vya jaribio hurudiwa mahali mbalimbali?